Kabla mlango haujavunjwa

Kwenye mkutano wa mtaa Nkuhungu, hapa Dodoma, mama mmoja aliniuliza, afande, jambazi yuko ndani na watoto nyie mnazunguka nyumba tu, si mvunje mlango muingie? Swali zuri sana mama yangu. Wengi mnaamini kazi ya kikosi cha uvamizi ni kuvunja mlango, kumbe mlango ni dakika za mwisho kabisa, kazi yenyewe ni kujua kilichopo nyuma yake.

Chukua mfano wa Munich, Ujerumani Magharibi, Septemba 1972, Olimpiki. Watekaji wamewashika wanamichezo na makocha wa Israel, polisi wakapanda juu ya paa wajipange, kumbe televisheni inarusha laivu na watekaji wanawaangalia wakiwa huko huko ndani, ikabidi washuke. Usiku watekaji na mateka wakapelekwa uwanja wa ndege, polisi wakapanga huko wadunguaji 5 wakidhani watekaji ni 5, walikuwa 8, na wadunguaji hawana hata redio za kuongea. Mateka wote 9 wakafa. Ndio Ujerumani Magharibi wakaunda GSG 9, kikosi maalumu cha polisi cha kupambana na magaidi, na Oktoba 1977 kikosi hicho kikaingia kwenye ndege iliyotekwa pale Mogadishu, abiria wote 86 wakaokolewa.

Sasa njoo Dodoma. Nyumba zetu nyingi zina grili la chuma nje ya mlango wa mbao na madirisha yana nondo, grili linafungukia nje, ukilipiga kwenda ndani unapiga kelele bure na aliye ndani ameshajua. Nani anajua linavyofunguka? Fundi aliyelichomelea, na jirani anayeingia kuomba chumvi. Ndio maana askari akikuuliza vyumba vingapi, watoto wanalala wapi, mbwa yupo, usione anakupotezea muda.

Kwenye timu kila mtu na kazi yake, wa ngao yuko mbele, wa kufungua mlango akishafungua anapisha wenzake, wengine wanagawana kona za chumba, mmoja kabeba begi la huduma ya kwanza, na nje kuna msuluhishi anaongea na huyo mtu kwa simu muda wote. Mimi msuluhishi ndio namheshimu kuliko wote, akifanikiwa hakuna anayeumia.

Kinachoniuma ni simu. Unakuta vijana wa bodaboda wamejaa getini wanarekodi, dakika hiyo hiyo iko status, na aliye ndani ana simu janja kama wewe. Naomba sana jamani, sogea mbali, usiposti mpaka kazi iishe.

Ukiwa wewe ndio uko ndani, lala chini, mikono ionekane, usimkimbilie askari hata kama umefurahi kumuona, na ukifungwa pingu kwanza usikasirike, kwenye moshi na kelele hawajui nani ni nani, watakufungua wakishahakikisha.

Ukiona tukio piga 112, sema mtaa, rangi ya geti, watu wangapi umewaona kwa macho yako, na kama hujawahesabu sema hujawahesabu.