Elisabeth Selbert: Sentensi Moja na Tarehe Yake ya Mwisho

Ibara ya 3 ya Katiba ya Ujerumani ina sentensi fupi: "Wanaume na wanawake wana haki sawa." Aliyeipigania ni Elisabeth Selbert, wakili wa Kassel na mjumbe wa Bunge la Jimbo la Hessen, 1946 hadi 1958.

Alizaliwa 1896, akafanya kazi posta, akajiunga na SPD, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia, 1918. Mtihani wa kumaliza sekondari aliufanya 1925 akiwa tayari mama wa watoto wawili, kisha akasomea sheria Marburg na Göttingen. Alipata leseni ya uwakili 1934, muda mfupi kabla Wanazi hawajawafungia wanawake mlango huo.

Mwaka 1948 aliingia Baraza la kutunga katiba mjini Bonn: wajumbe 65, wanawake 4 tu. Hapo ndipo uwakili wake ulipofaa. Katiba ya Weimar ya 1919, yaani katiba ya awali ya Ujerumani, ilikuwa imetaja usawa, ila wa haki za uraia, yaani kupiga kura na kushika vyeo. Ndoa haikuguswa. Kifungu cha 1354 cha sheria ya madai kilimwachia mume uamuzi wa mambo yote ya ndoa, hata familia ikae mji gani na nyumba ipi. Selbert alitaka usawa usiofungiwa na neno lolote.

Wenzake wengi waliogopa kwamba sheria ya familia itabatilika kwa siku moja na kuacha pengo. Tarehe 3 Desemba 1948 kamati kuu ikaikataa sentensi hiyo. Selbert akazunguka nchi akiwaeleza wanawake. Barua na maazimio yakamiminika Bonn. Tarehe 18 Januari 1949 ikapita.

Hofu ya pengo ilijibiwa na Ibara ya 117, ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyoipa sentensi meno: sheria kandamizi zidumu hadi 31 Machi 1953, basi. Bunge lilichelewa. Tarehe ikapita, sheria hizo zikafa zenyewe, na majaji wakalazimika kuamua kesi kwa kesi. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikathibitisha kwamba usawa unatumika moja kwa moja.

Sheria mpya ilianza 1 Julai 1958 na kukifuta kifungu cha 1354, lakini ikambakizia baba kauli ya mwisho juu ya watoto. Mahakama iliiondoa 29 Julai 1959. Mke naye aliruhusiwa kuajiriwa iwapo tu kazi haigongani na majukumu ya nyumbani. Sharti hilo liliondoka 1 Julai 1977, Selbert akiwa na miaka 80.