Mafuta ya Upako Hayafukuzi Wachawi

Mtu amebatizwa, anashiriki meza ya Bwana, anaimba kwaya, halafu anakuja kuuliza apake mafuta ya mtumishi gani ili wachawi wasimwingilie usiku. Swali hili limezidi sasa. Linaulizwa baada ya ibada, linaulizwa kwa simu, linaulizwa hata na wazee wa kanisa. Kwa hiyo tuanze nalo, na tulimalize, kisha tujibu dhana nyingine potofu.

Dhana: Mafuta, maji, chumvi au kitambaa kilichoombewa kina nguvu ya kulinda nyumba, gari na biashara.

Andiko linalotajwa kila mara ni Yakobo 5:14-15. Lisome taratibu. Anayeita ni mgonjwa mwenyewe. Wanaoitwa ni wazee wa kanisa, tena kwa wingi, siyo mtumishi mmoja mwenye jina kubwa. Wao ndio wanaokwenda alipo mgonjwa. Wanamwombea na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Bei haikutajwa, kwa sababu haipo. Na mstari wa 15 unaeleza waziwazi kinachomwokoa mgonjwa: "kule kuomba kwa imani", na anayemwinua ni Bwana. Mafuta yamo, lakini kazi ya kuponya hayakupewa. Zaidi ya hapo, habari yenyewe ni ya mgonjwa. Hakuna neno juu ya kizingiti cha mlango, fremu ya duka wala tairi za bodaboda.

Ukimaliza hapo utaambiwa: "Mbona leso za Paulo ziliponya?" Ni kweli, Matendo 19:12. Lakini mstari wa 11 umetangulia kusema kwamba aliyefanya ni Mungu, na kwamba miujiza ile ilipita kawaida. Paulo hakuuza leso, wala hakuliagiza kanisa lolote ligawe leso. Alipowaandikia Waefeso juu ya vita na wakuu wa giza (sura ya 6), alitaja kweli, haki, utayari wa Injili, imani, wokovu, neno la Mungu na sala. Hakuna hata kimoja kinachotiwa kwenye chupa. Tena sura hiyohiyo ya 19 inaendelea na wana saba wa Skewa, waliolitumia jina la Yesu kama kanuni ya uganga. Mtu mwenye pepo akawarukia, wakatoka mbio uchi na majeraha.

Kosa lenyewe liko hapa: mamlaka ya Kristo yanageuzwa kuwa hirizi yenye nguvu kuliko hirizi nyingine. Imani imehama kutoka kwa Bwana ikaenda kwenye kitu, na kitu huisha. Chupa ikiisha, hofu inarudi, mtu ananunua nyingine. Tatizo lisipoondoka, anaambiwa hakufuata masharti, maneno yaleyale aliyoambiwa na mganga kabla ya kuokoka. Israeli walipita njia hiyo. Nyoka wa shaba aliagizwa na Mungu mwenyewe (Hesabu 21), lakini vizazi vya baadaye vikamfukizia uvumba, na Hezekia akamvunja vipande (2 Wafalme 18:4). Kama kilichoagizwa na Mungu kilivunjwa, chupa ya mafuta ya kula iliyobandikwa picha ya mhubiri ina haki gani ya kuheshimiwa?

Na bei je? Elisha alikataa zawadi ya Naamani aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wake, akamkimbilia akachukua talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akaondoka na ukoma. Simoni wa Samaria alitaka kununua uwezo wa Roho, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Anayeuza na anayenunua wote wamekwisha kujibiwa.

Madhara yake hayaishii mfukoni. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa msongamano katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Hakuna mstari wa Biblia unaomwagiza mtu kukanyaga mafuta.

Ukiwa na vitu hivi nyumbani, fanya kama waumini wa Efeso katika Matendo 19:19. Vitabu vyao vya uganga vilikuwa na thamani ya vipande 50,000 vya fedha, na hawakuviuza wala kumpa jirani; walivichoma mbele ya watu wote. Wewe nawe waite wazee wawili, choma hirizi, kitambaa na stika. Mafuta kama ni mazuri yapikie maandazi. Kisha usitafute kitu kingine cha kujaza pengo, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka. Ombeni wenyewe kama familia kila jioni, hata kwa dakika kumi. Zaburi ya 91 isomwe na iaminiwe, isibandikwe mlangoni kama kinga. Shetani naye alimnukulia Yesu zaburi hiyo juu ya kinara cha hekalu.

Dhana: Mungu na Shetani wanapigana, na hatujui nani atashinda.

Shetani ni kiumbe. Wakolosai 1:16 inasema enzi, usultani na mamlaka zote, zinazoonekana na zisizoonekana, ziliumbwa kwa njia ya Kristo na kwa ajili yake. Katika Ayubu Shetani anawekewa mpaka, mara mbili. Katika Marko 5 pepo wa Legioni wanaomba ruhusa hata ya kuwaingia nguruwe. Katika Ufunuo 12 anayepigana na joka ni Mikaeli na malaika zake, na joka linashindwa.

Dhana: Lazima ulijue jina la pepo la mji ndipo ulifunge.

Wanaofundisha hivi hutegemea Danieli 10, juu ya mkuu wa ufalme wa Uajemi, wanayemchukua kuwa pepo wa nchi ile. Danieli hakumtaja wala hakumfunga. Hata habari zake alizipata baada ya siku 21, kutoka kwa aliyetumwa kwake. Kazi yake ilikuwa kujinyima chakula na kuomba, na ombi lake lilisikiwa siku ya kwanza. Mstari wa 3 unasema katika majuma hayo matatu hakujipaka mafuta kamwe.

Dhana: Kutumia dawa ni kukosa imani.

Hapa watu wanakufa. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo na wenye kifafa mbalimbali. Kijana wa Mathayo 17 alikuwa na vyote viwili, lakini yeye si kipimo cha kila mgonjwa. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika hadi afe. Dawa za presha, kisukari na VVU nazo zisiachwe kwa neno la mhubiri. Aombewe huku anameza, na daktari ndiye abadilishe. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na hakumlaumu kwa imani haba.

Dhana: Laana ya ukoo inamfuata aliyeokoka mpaka atoe sadaka ya ukombozi.

Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati, na Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Soma zote mbili. Anayedai sadaka hiyo anatoza deni lililokwisha kulipwa msalabani.

Dhana: Mtawala amewekwa na Mungu, kwa hiyo hakosolewi.

Yesu alimwambia Pilato kwamba asingekuwa na mamlaka kama asingepewa kutoka juu. Aliyepewa ana wa kumjibu, na Nebukadneza alijifunza hilo akila majani kondeni. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga maovu ya vyombo vyake. Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huohuo. Warumi 13 inatudai kodi, utii na heshima, na 1 Timotheo 2 inatudai maombi kwa ajili ya wenye mamlaka. Vyote tuvitoe. Lakini mtawala akiagiza alichokataza Mungu, Matendo 5:29 ndiyo inayofuatwa: kumtii Mungu kuliko wanadamu.