Kuhitimu uchumi ukiwa umedorora: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulipungua kwa asilimia 0.3. Waliomaliza vyuo vikuu vya Maseno na Egerton msimu huo bado wanahubiriwa na wajomba zao. Baadhi ya mahubiri hayo hayana msingi.

"Uchumi ukiinuka, mtalingana na wenzenu."
Si upesi hivyo. Mtafiti Lisa Kahn aliwafuatilia Wamarekani waliohitimu chuo kati ya 1979 na 1989. Kiwango cha ukosefu wa kazi kilipozidi kwa pointi moja ya asilimia, mshahara wa kuanzia ulishuka kwa asilimia 6 hadi 7, na miaka 15 baadaye pengo la asilimia 2.5 hivi lilikuwa bado lipo. Akili zao hazikuwa na kasoro. Anayeanzia kazi ndogo hujifunza mambo ya kazi hiyo tu. Mhandisi aliyeuza laini za simu mtaani Kondele, Kisumu, miaka minne, akiulizwa uzoefu wake, ataje nini?

"Vumilia hapo hapo, mdosi atakuona."
Ushauri huu ndio unaonikera zaidi, maana hutolewa kwa mapenzi. Utafiti wa Kanada wa Philip Oreopoulos na wenzake ulionyesha kwamba waliohitimu wakati wa mdororo walianza na mapato yaliyopungua kwa asilimia 9 hivi, na pengo likafifia katika muda wa miaka kumi. Wengi walijikwamua kwa kuhama, kutoka kampuni ndogo zinazolipa kidogo hadi zinazolipa vizuri. Kwa hiyo kijana aliyebadilisha kazi mara tatu Kisumu asiitwe mtovu wa shukrani.

"Bora asiyesoma, hana la kupoteza."
Kinyume chake. Marekani, walioacha shule ya upili ndio walioumia zaidi.

"Ni hasara ya pesa tu."
Wamarekani walioingia kwenye soko la kazi katika mdororo wa mapema miaka ya 1980 walikuja kufa kwa wingi zaidi kuanzia mwishoni mwa miaka yao ya thelathini, kwa maradhi ya moyo, mapafu na ini, na kwa dawa za kulevya.

Tusizibebe takwimu hizo zilivyo hadi soko la Kibuye, Kisumu, lakini. Zinahusu watu wa mishahara, na hapa kwetu zaidi ya asilimia 80 ya ajira ni jua kali, yaani kazi zisizo rasmi. Fundi wa jua kali hana mshahara wa kwanza wa kulinganisha. Mdororo humfikia kupitia wateja wasiolipa.