Usitukane Wakunga: Yanayosemwa Juu Yao na Ukweli Wake

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga. Siku hizi matusi yamepungua, ila uzushi umebaki, hasa kuhusu namna mtu anavyofika kwenye kazi hiyo.

"Aliyekosa udaktari ndiye huenda ukunga"

Kauli hii huvuma kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Lakini Tanzania, anayeomba stashahada ya uuguzi na ukunga anatakiwa awe amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, pamoja na somo jingine lisilo la dini. Stashahada ni miaka 3. Shahada ni miaka 4, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Hata hapo bado huruhusiwi kumgusa mama peke yako mpaka uwe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Wapo waliopandia ngazi ya chini kabisa: cheti, zahanati ya kijijini kwa miaka kadhaa, kurudi chuo, halafu shahada. Binafsi hao ndio ninaowaamini zaidi, maana wameshakaa usiku kucha na mama mwenye uchungu huku gari la wagonjwa liko mbali.

"Kazi yenyewe ni kusubiri mtoto atoke"

Ingia leba utazame. Mkunga anaweka kiganja juu ya tumbo, macho kwenye saa, anahesabu mikazo ndani ya dakika 10 na kila mmoja umedumu sekunde ngapi. Anainama na fetoskopu, anasikiliza moyo wa mtoto. Ukishuka chini ya mapigo 110 kwa dakika, haendi kunywa chai. Kila baada ya saa 4 anapima njia imefunguka sentimita ngapi. Yote hayo anayaandika kwenye chati iitwayo patografu.

Chati hiyo ina historia ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1972, madaktari Philpott na Castle waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walichora juu yake mistari miwili: wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ikiachana kwa saa 4. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya mkunga wa kituo cha pembezoni: ajue mapema ni mama yupi apelekwe hospitali kubwa, kabla mambo hayajaharibika. Shirika la Afya Duniani likaipokea chati hiyo, ikasambaa duniani. Kwa hiyo mkunga anayesema "huyu tumpe rufaa sasa hivi" hajaogopa, ameona kwenye chati kwamba uchungu umechelewa hadi kuvuka mstari.

"Ukunga hurithiwa, hausomewi"

Hapa kuna ukweli nusu. Mapenzi ya kazi kweli hurithiwa. Edna Adan Ismail, mkunga wa Hargeisa huko Somaliland, alikulia kwenye kazi ya baba yake aliyekuwa daktari, akimsaidia hospitalini tangu utotoni. Lakini hakuishia hapo. Miaka ya 1950 alikwenda London kwa ufadhili, akasomea uuguzi na ukunga, na mwaka 2002 akafungua kwao hospitali ya uzazi ambayo pia hufundisha wakunga.

Bibi zetu, wakunga wa jadi, walirithi mikono na subira, na sitawabeza. Walichokosa ni sindano ya oksitosini, ile inayochomwa mara tu baada ya mtoto kutoka ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isimwagike. Huwezi kuirithi hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 81 ya watoto Tanzania huzaliwa kwenye vituo vya afya, kutoka 63 mwaka 2015-16. Wakunga wa jadi wengi sasa ndio wanaomsindikiza mama hadi kituoni.

"Mwanamume hawezi, na asiyezaa pia hawezi"

Vyuo vyetu hufundisha uuguzi na ukunga pamoja, kwa hiyo kila kaka anayehitimu amezalisha chini ya usimamizi. Uingereza yenyewe iliwafungulia wanaume mlango huo kikamilifu mwaka 1983. Habari ya asiyezaa sina haja ya kuijibu. Hatumuulizi daktari wa meno ameng'olewa mangapi.

"Wakunga wote ni wakali"

Hii siitupi yote kwenye kapu la uzushi. Utafiti uliofanyika mkoani Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, ulikuta asilimia 19 ya akina mama wakisema walitendewa vibaya walipohojiwa wakitoka kituoni. Walipofuatwa baadaye majumbani, ikawa 28. Si wote basi, ila si wachache. Potofu ni ile imani kwamba ukali unasaidia, kwamba bila kofi mama hasukumi. Hakuna chuo kinachofundisha hivyo. Mkunga mmoja akiachiwa akina mama wengi zamu nzima huchoka, hilo naelewa, ila uchovu haumpi ruhusa ya kutukana. Una haki ya kuelezwa kila kipimo kabla hujapimwa, na ukitendewa visivyo, Baraza lililompa leseni ndilo hilo hilo linalopokea malalamiko.