Nishati jadidifu ni ipi, na kwa nini plastiki haimo

Jirani yangu mmoja hapa Tanga, bibi ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, huwashia jiko la mkaa kipande cha plastiki: mfuko uliopasuka, kizibo cha chupa ya maji. Siku moja nilimwambia aache. Akanijibu, "Mwanangu, mnasema tutumie taka kupata nishati. Hii si taka? Na si inawaka?" Swali lake ni zuri, na jibu lake limo ndani ya neno lenyewe, jadidifu.

Kujadidi ni kufanya upya. Lisichanganywe na jadi, mambo ya mababu. Nishati jadidifu ni nguvu inayotoka kwenye chanzo kinachorudi upya kwa kasi isiyopitwa na kasi yetu ya kukitumia: jua, upepo, maji ya mto, joto la ardhini, mimea. Mkazo uko kwenye kasi. Hata mafuta ya petroli asili yake ni viumbe vidogo vilivyoishi baharini, ila yamechukua mamilioni ya miaka kuwa mafuta, nasi tunayamaliza tangi zima kwa safari moja ya Dar.

Tazama mto Pangani. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanazungusha mitambo ya Nyumba ya Mungu, halafu ya Hale yenye megawati 21 tangu 1964, halafu ya Pangani yenye megawati 68 tangu 1995. Mtambo hauli maji. Yanapita, yanafika baharini, yanapanda mawinguni, yanarudi mvua. Lakini jadidifu haina maana ya isiyopungua: ukame ukikaza, mto hushuka na umeme nao hushuka. Mkaa wa bibi nao ni jadidifu pale tu miti inapoota upya kwa kasi inayolingana na ile inayokatwa, na sote tunajua hali ya misitu yetu.

Mfano unaonigusa zaidi ni mkonge. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kulisaga, singa (nyuzi zake) zinazopatikana hazifiki asilimia 5 ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani, na kwa miaka mingi kilimwagwa tu, kikaoza wazi, kikatoa gesi ya methani na kuchafua vijito. Katika shamba la mkonge la Hale, wilayani Korogwe, ukajengwa mtambo wa biogesi. Taka za korona zinafungiwa ndani ya tangi lisilo na hewa, bakteria wanazimeng'enya, methani ile ile inakusanywa na kuendesha jenereta. Tope linalobaki ni mbolea, linaweza kurudi shambani kukuza mkonge mwingine. Hapo neno jadidifu limetimia pande zote.

Sasa plastiki ya bibi. Plastiki nyingi hutengenezwa kwa mafuta na gesi kutoka chini ya ardhi. Ni ndugu wa mafuta ghafi ya Uganda yaliyochimbiwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, hapa hapa Tanga. Ukiuchoma mkonge au kuni, kaboni inayotoka ni ile mmea ulioivuta hewani miaka michache nyuma, na mmea mwingine utaivuta tena. Ukichoma plastiki, unaachia kaboni iliyokuwa imelala ardhini tangu kabla ya binadamu. Na moshi wake una sumu, hasa plastiki yenye klorini kama ya mabomba ya maji. Bibi anauvuta ule moshi akiwa ameinama juu ya jiko, mjukuu mgongoni.

Kutoichoma, basi, hakuifanyi ipotee. Plastiki haiozi kama jani. Jua na mawimbi huimegua mpaka ikawa chembe, na chembe humezwa na samaki. Kasa huona mfuko unaoelea akadhani ni yavuyavu, akaula. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na rambo zikapungua kweli madukani, lakini chupa, vifungashio na kamba bado vinakuja na maji.

Hizo kamba ndizo zinazoniuma. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilikwenda kuwa kamba. Kisha kamba za plastiki zikaja kwa bei nafuu, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba ya Tanga yakageuka vichaka. Kamba ya mkonge ikikatika baharini huoza. Ya plastiki inabaki imenasa kwenye matumbawe.

Bibi nilimpelekea makumbi ya nazi, makavu, gunia zima. Yanashika moto haraka, na mnazi utazaa tena. Ameniuliza tu nitaleta mengine lini.