Kuonyesha jibu si kurudisha jibu

Wengi wanaojifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, hapa Moshi huamini kwamba funksheni (kipande cha programu chenye jina na kazi yake) ikishaandika jibu kwenye skrini, kazi imekwisha. Si kweli, na imani hii huwaponza hata wanafunzi makini.

Chukua funksheni jumla(kilo, bei) ya muuza kahawa wa mjini. Ndani yake umeweka console.log(kilo * bei), amri ya kuonyesha jibu kwenye skrini. Ukiita jumla(3, 20000), unaona 60000 na unafurahi. Sasa ongeza gharama ya kupeleka mzigo Arusha: jumla(3, 20000) + 5000. Unapata NaN (yaani “si namba”) badala ya bei. Kwa nini? Ile 60000 uliiona wewe tu. Programu yenyewe ilipokea undefined, thamani ambayo JavaScript hutoa kila funksheni isiporudisha kitu. Badala ya console.log andika return kilo * bei, amri inayoirudishia programu jibu, utapata 65000.

PHP, lugha nyingine ya programu, naiona hatari zaidi. Ukitumia echo, amri yake ya kuonyesha, pasipo return, funksheni hurudisha null (thamani tupu), na null + 5000 ni 5000 bila onyo lolote. Mteja anatozwa usafiri peke yake, kahawa inaondoka bure. Kwa hiyo unapoijaribu funksheni, hifadhi kwanza jibu lake kwenye kigeu (jina linalotunza thamani), ndipo ulionyeshe.