Nataka kuacha fegi lakini kazi yangu ndo hii: maswali ya vibarua

Mie ni mhudumu wa afya wa mtaani huku Likoni, Mombasa, na maswali haya huyapata kijiweni, si kliniki, manake watu walokuja mjini kutafuta, awe ametoka Kitui, Tanga ama Burundi, wengi kliniki hawaendi mpaka waanguke.

Mimi sinunui pakiti, navuta moja moja tu. Nayo yahesabika?

Tena sana. Sheria ya tumbaku ya 2007 yakataza kuuza sigara moja moja lakini tusidanganyane, kibanda gani hapa hakiuzi? Moja na chai ya asubuhi, moja ukishashusha lori, mbili kwa kahawa chungu, jioni ushafika kumi na hujui. Kwa siku mbili usitupe vipisi, viweke kwenye kibweta cha kiberiti, usiku uhesabu.

Nikiacha nashikwa na hasira, kichwa chauma, usingizi hakuna.

Hiyo ni arosto ya nikotini, hujarogwa. Siku 2 au 3 za kwanza ndo kali, kisha yapungua, na wiki 2 mpaka 4 wengi huwa wako sawa. Hamu yenyewe ikija haikai, ni dakika 5 mpaka 10 hivi, kwa hivo usishindane na siku nzima, shindana na hizo dakika: kunywa maji, mumunya ukwaju, shuka mpaka feri urudi.

Na muguka je, yale majani ya kutafuna yanayolevya kama miraa?

Hapa ndo penyewe. Wengi niwaonao hawashindwi na fegi, washindwa na muguka, kwa sababu mkono mmoja una majani na mwengine una sigara, miaka yote hiyo, mpaka mwili wadhani ni kitu kimoja. Sasa wataka kuacha fegi na saa kumi bado wakaa maskani ile ile na watu wale wale, wajitesa bure. Sikwambii uwakane marafiki zako, lakini hizo wiki 3 za kwanza wapitie tu, wasalimie, uende zako. Na usihamie kuber (ile tumbaku ya kuweka mdomoni), ugoro ama tambuu ya tumbaku ukasema umeacha, nikotini ni ile ile na kinywa ndo kitalipa. Shisha nayo, kikao kimoja moshi wake waweza kufika wa sigara 100 na kupita, nikisema watu hunicheka.

Ramadhani navumilia mchana kutwa, mbona baadaye nashindwa?

Basi ushajijibu, zaidi ya saa 13 wawezana nazo. Shida ni tende moja kisha fegi. Ile ya kufuturu isogeze mpaka baada ya tarawehe, ya daku iache kabisa, na Idi usimpokee mtu sigara hata ya kirafiki.

Dawa zipo? Mimi ni mgeni, karatasi sina.

Kuna chingamu na plasta za nikotini kwa maduka makubwa ya dawa, bei si ya kibarua lakini ulizia. Kama huvuta kabla nusu saa haijaisha tangu uamke, chingamu yako ni ya miligramu 4, la sivyo 2 zatosha. Usiitafune kama ubani, tafuna polepole, ikiwasha iweke shavuni itulie. Ushauri wapatikana kwa simu ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, bure. Na ukikohoa zaidi ya wiki 2 nenda ukapimwe TB, mvutaji humpata haraka kuliko asovuta, na dawa zake hospitali za serikali hazilipiwi. Ukihofia dirisha la kusajiliwa ama lugha yakushinda, nenda na mtu wa mtaani anojulikana pale.

Twalala watano chumba kimoja, mwenzetu mmoja hataki kuacha.

Avutie nje, mbali na mlango. Feni haiondoi sumu, yaizungusha tu. Hotuba usimpe, kazi za sulubu zamtosha, lakini akikuomba kiberiti mwambie huna.